Umekinai Kusoma? Riwaya Tano Kwenye Mizani Moja

Ukimwomba rafiki akutajie riwaya ya kukurudisha kwenye kusoma, atakutajia ile iliyomkosesha usingizi yeye. Nia yake ni njema, ila hajakuuliza swali la kwanza: umechoshwa na nini? Aliyekinaishwa na mitihani na aliyekinaishwa na msiba hawaponi kwa kitabu kimoja. Ndiyo maana watu hununua riwaya inayosifiwa na kila mtu, wakafika ukurasa wa 30, wakachomeka risiti ya duka katikati, na baada ya miezi risiti bado iko palepale.

Nimechagua riwaya tano za Kiswahili ambazo, kwa maoni yangu, zinaweza kumshika msomaji aliyechoka, kila moja kwa njia yake: *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla (1960), *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi (1971), *Kufa na Kupona* ya Elvis Musiba (1974), *Siku Njema* ya Ken Walibora (1996) na *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi (1999). Sikutafuta riwaya bora za Kiswahili. Kama ningetafuta hizo, ningezitaja *Nagona* na *Mzingile* za huyohuyo Kezilahabi, riwaya za kifalsafa zisizofunguka kirahisi, na mtu aliyekinai ukimpa *Nagona* umemfukuza moja kwa moja. Hapa natafuta zinazofungulika.

Kwanza, uchovu wako ni upi

Shule ndiyo iliyowakinaisha wengi wetu. Mwanafunzi wa kidato cha nne au cha sita Tanzania hasomi riwaya ajue kitakachotokea. Anasoma akichomoa dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa ya mwandishi na tamathali za semi. Upande wa Kenya kuna dondoo: "Eleza muktadha wa dondoo hili." Wapo waliofaulu bila kukigusa kitabu chenyewe, walikariri mwongozo tu. Mtu anamaliza shule akiamini riwaya ni kitu cha kuchambua, na hata miaka kumi baadaye akifungua ukurasa wa kwanza akili inaanza yenyewe kutafuta tashbihi.

Kundi la pili ni wanaosoma kutwa kazini: wanasheria, wahariri, walimu wenye marundo ya insha, wanafunzi wanaoandika tasnifu. Jioni macho hayataki tena maandishi mazito, lakini hadithi bado wanaitaka. La tatu limekinaishwa na vitabu vya mafanikio, vile ambavyo kila ukurasa unakuamuru uamke saa kumi alfajiri na uandike malengo. La nne ni la simu. Ukizoea video za nusu dakika, aya ya mistari kumi inakuwa ndefu, na hilo halina uhusiano na akili yako kuwa nyepesi. Umeizoesha mwendo mwingine.

Na kuna wenye mioyo mizito: waliofiwa, walioachika, wanaouguza. Hawa hawana ugomvi na vitabu. Ndani hakuna nafasi, basi.

Weka kidole kwenye kundi lako kabla ya kuendelea. Kama uko kwenye mawili, chukua lile linalokuumiza zaidi.

Riwaya zote tano nimezipima kwa mambo yaleyale: inakushika lini, Kiswahili chake kikoje, inakuachia nini moyoni, kuna nini cha kusoma ukishaimaliza, na utaipata wapi. Hilo la nne watu hulisahau, na mimi naliona kubwa. Kumaliza kitabu kimoja si kazi kubwa kama kuanza cha pili kabla hamu haijapoa.

Riwaya zenyewe, kwa ufupi

*Mzimu wa Watu wa Kale* ndiyo kongwe. Mwandishi wake, mzaliwa wa Makunduchi, alifanya kazi ya ukaguzi wa afya kabla ya kuingia kwenye uhariri wa magazeti Zanzibar. Riwaya hii ilishinda mashindano ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957–58. Tajiri mmoja, Bwana Ali, anakutwa amekufa kwenye mzimu, mahali pa matambiko ambapo watu wanapaogopa. Mji mzima uko tayari kuamini kwamba ni kazi ya wasioonekana. Mpelelezi Bwana Msa, kiko mdomoni, haamini.

*Rosa Mistika* inaanzia Ukerewe, nyumbani kwa Zakaria, baba mlevi anayelinda mabinti zake kwa fimbo. Rosa analelewa kwa woga mpaka siku anapoondoka nyumbani kwenda shule, na hapo ndipo unapoona woga ule ulimwandaa kwa nini, au haukumwandaa kwa lolote. Kwa muda riwaya hii ilizuiwa isisomwe mashuleni Tanzania, na kwa vijana wa wakati ule marufuku hiyo ilikuwa tangazo kubwa kuliko gazeti lolote.

*Kufa na Kupona* ni ya ujasusi. Nyaraka za siri za wapigania uhuru zimeibwa, na Willy Gamba, mpelelezi wa Tanzania, anatumwa Nairobi kuzifuata. Dar es Salaam ya miaka ile ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, kwa hiyo hadithi haikutungwa hewani.

*Siku Njema* ni safari. Kongowea Mswahili, kijana wa Tanga, mtoto wa mwimbaji wa taarabu, anabaki bila mama, anateswa na kudhihakiwa, kisha anavuka mpaka kuingia Kenya kumtafuta baba asiyemjua, mpaka Kitale.

*Vuta N'kuvute* iko Zanzibar ya miaka ya 1950. Yasmin, binti mbichi wa Kihindi, ameozwa kwa Bwana Raza, mwanamume wa kumzaa. Anamkimbia. Jamaa zake wanamfungia mlango, na anayempokea ni Mwajuma, mwanamke wa mtaa wa Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, mwenye chumba kidogo na moyo mkubwa. Kisha anakutana na Denge, kijana aliyerudi kutoka masomoni Urusi, ambaye Inspekta Wright na askari wake wanamwinda kwa siasa zake.

Inakushika lini

*Kufa na Kupona* ndiyo yenye haraka. Musiba hana subira na maelezo. Anataka mtu awe mashakani, na kila anapotoka kwenye shaka moja tayari la pili limeshafunguka. Msomaji hapewi mahali pazuri pa kusimama, na kwa aliyekinai hiyo ni nusu ya dawa. Unasema utasoma sura moja kabla ya kulala, ukija kushtuka ni saa saba usiku.

*Rosa Mistika* nayo haikucheleweshi, lakini inakushika kwa njia nyingine kabisa. Hakuna bastola. Kuna barua ya mvulana, na kipigo ambacho baba anampa binti kwa ajili ya barua hiyo. Ukishasoma tukio lile huwezi kumwacha Rosa peke yake, unataka kujua kama atatoka salama. Taharuki ya Kezilahabi inatokana na huruma, na huruma ina nguvu kuliko tunavyodhani.

Kwenye *Siku Njema* kinachoshika ni sauti. Kongowea anajisimulia mwenyewe, "mimi" mwanzo hadi mwisho, na msimulizi wa namna hiyo akiwa mzuri unajiona umeketi naye barazani. Matukio yanafuatana kwa kasi kubwa. Kuna sadfa nyingi pia: watu wanakutana pale tu wanapohitajika kukutana. Mhakiki atakunja uso. Msomaji aliyechoka nadhani hatajali, maana sadfa ndizo zinazomvuta kutoka sura hii hadi ile.

*Mzimu wa Watu wa Kale* inahitaji subira kidogo. Maiti iko mapema, fumbo liko wazi, lakini Bwana Msa hakimbii. Anaongea, anauliza, anatania, anamwachia rafiki yake Najum akisie akosee. Kama unatarajia mbio za magari utachoka. Kama ni mtu wa mafumbo, mwenye tabia ya kusema "muuaji ni huyu" kabla ya kufika katikati, utashikwa bila kujua umeshikwa saa ngapi.

*Vuta N'kuvute* inachukua muda mrefu zaidi kuchemka, na ndiyo refu kuliko nyingine nne. Kisa cha ndoa ya Yasmin kinatosha kukuingiza, ila mimi huwaambia watu wavumilie hadi Yasmin afike kwa Mwajuma. Kuanzia hapo kuna ngoma, kuna mapenzi ya kujificha, kuna magazeti yaliyopigwa marufuku yanayopita mikononi usiku, na kuna polisi mlangoni. Adam Shafi ana kipaji cha kuchanganya jambo la chumbani na jambo la serikali katika ukurasa mmoja, mpaka usijue unaogopea nini zaidi, Denge akamatwe au Yasmin avunjike moyo.

Kiswahili chake

Wengi wanaosema "sisomi Kiswahili, ni kigumu" walikutana na kitabu kisicho chao wakati usio wake. Lugha za hawa watano ziko mbalimbali mno.

Rahisi kabisa ni Musiba na Kezilahabi. Musiba anaandika Kiswahili cha mjini, sentensi zinakwenda moja kwa moja, mazungumzo ni mafupi. Kezilahabi naye ni mwepesi lakini wepesi wake umepimwa. Anasema jambo zito kwa maneno manne na kuendelea kama hakusema kitu. Ukitoka kwenye ripoti za ofisini, ukavu huo ni faraja.

Walibora ni wa kisanifu. Amejaza methali, misemo na msamiati wa kupendeza, na nchini Kenya wanafunzi wengi walichota kwake maneno ya kupambia insha. Hapo pana faida na hatari. Ukiwa mpenzi wa lugha utafurahi kila ukurasa. Ukiwa bado una kidonda cha shule, neno la kunakiliwa litakuamshia yule mwanafunzi wa ndani anayetaka kuchukua kalamu. Mwache alale.

Abdulla na Shafi wanaandika Kiunguja, na hapa niseme wazi kwamba napendelea. Mazungumzo ya Bwana Msa ni starehe peke yake: utani, kejeli ya adabu, mtu kumwambia mwenzake mjinga bila kutumia neno mjinga. Msomaji wa Bara atakutana na maneno asiyoyajua na nakushauri usifungue kamusi. Maana itajileta yenyewe baada ya mistari miwili, na isipojileta hukukosa kitu kikubwa. Kwa Shafi ugumu ni mdogo zaidi. Usikilize anavyozungumza Mwajuma, halafu uniambie kama hukuwahi kukaa jirani na mtu wa namna ile.

Inakuachia nini moyoni

Kigezo hiki ndicho ambacho watu hawakisemi wanapopendekeza vitabu, na ndicho kinachoweza kumdhuru mtu.

*Rosa Mistika* ni nzito. Ukubwa wake ni mdogo, unaweza kuimaliza mwishoni mwa wiki, lakini utabaki nayo kwa muda. Inazungumzia ukatili wa nyumbani, mabinti wanaotumiwa na watu wazima waliopaswa kuwalinda, na kifo cha kujitakia. Aliyefiwa hivi karibuni, au anayepita katika kipindi cha giza, aiweke kando kwa sasa; haitakimbia. Kwa mtu ambaye uchovu wake ni wa kutohisi chochote, aliyesoma vitabu ishirini vikapita kama maji, huenda hii ndiyo itakayomgusa.

*Kufa na Kupona* ina wafu wengi na haina huzuni. Watu wanakufa, Willy anawasha gari. Ni starehe ya wazi, isiyojificha. Ila tuseme ukweli: wanawake ndani yake ni warembo kwanza na watu baadaye, na msomaji wa leo, hasa msomaji wa kike, ataguna mara kadhaa. Kama jambo hilo linakuharibia raha, bora ulijue kabla hujatoa pesa.

*Mzimu wa Watu wa Kale* inakuachia akili safi. Ni aina ya faraja inayotolewa na hadithi za upelelezi popote zilipo: kulikuwa na hofu na uvumi, akaja mtu akafikiri kwa utaratibu, mambo yakakaa mahali pake. Bwana Msa amechukua mengi kutoka kwa Sherlock Holmes, kuanzia kiko hadi rafiki asiyeona kinachoonekana, lakini hofu anayoikabili ni ya kwetu. Kwa mtu ambaye maisha yake sasa hayana utaratibu wowote, kitabu chenye jibu mwishoni si kitu kidogo.

*Siku Njema* ina machozi, hasa mwanzoni, kwa jinsi mtoto yule anavyoteswa. Jina lenyewe limekatwa kwenye methali ya siku njema kuonekana asubuhi, na Kongowea maisha yake yote anajiuliza kama methali ile inamhusu yeye ambaye asubuhi yake haikuwa njema. Ni kitabu chenye matumaini, na matumaini yake yamelipiwa. Walibora alifariki Nairobi mwezi wa Aprili 2020, na wapo walioirudia riwaya hii wakati ule wakakuta wanaisoma kwa jicho lingine.

*Vuta N'kuvute* inachanganya. Utacheka, utatamani, utakasirika. Haina mwisho wa kukufunga kamba ya raha shingoni wala haikutupi shimoni. Watu wanapata baadhi ya walichokitaka na kukosa kingine. Ukimaliza utajiona umeishi mtaani Ng'ambo na sasa umehama.

Ukishamaliza, kuna nini

Hapa Bwana Msa na Willy Gamba wanawaacha wenzao mbali. Abdulla aliendelea na mpelelezi wake katika *Kisima cha Giningi* (1968), *Duniani Kuna Watu*, *Siri ya Sifuri*, *Mke Mmoja Waume Watatu*, *Mwana wa Yungi Hulewa* hadi *Kosa la Bwana Msa* (1984). Tahadhari moja: kadiri zinavyosonga ndivyo visa vinavyozidi kusokotana, nasaba juu ya nasaba, nani mtoto wa nani. *Duniani Kuna Watu* si ya kusoma huku unapika. Willy Gamba naye yuko kwenye *Kikosi cha Kisasi*, *Njama*, *Hofu* na *Hujuma*, na hizo waweza kuziramba kwa mfululizo kama karanga, bila kuhitaji akili ya ziada. Ukitaka kuendelea na aina hiyohiyo kwa mwandishi mwingine, kuna Joram Kiango wa Ben Mtobwa.

Adam Shafi hana mfululizo, ila ana mji. *Kuli*, inayohusu wachukuzi wa bandarini na mgomo wa 1948, na *Kasri ya Mwinyi Fuad* zinakurudisha Zanzibar ileile kwa milango mingine. *Haini* ni ya kifungoni, iache kwanza. Kuna pia filamu ya *Vuta N'kuvute* iliyoongozwa na Amil Shivji, iliyooneshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021. Niulizwapo kipi kitangulie, nasema kitabu. Filamu ni nzuri na ina macho yake, lakini Mwajuma wa kwenye karatasi unamtengeneza mwenyewe.

Walibora: *Kufa Kuzikana*, kisha *Kidagaa Kimemwozea* kama hukulazimishwa kuisoma kwa mtihani. Kezilahabi: *Dunia Uwanja wa Fujo* au *Gamba la Nyoka*. *Kichwamaji* ni kali kama *Rosa Mistika* au zaidi, usizifuatanishe.

Kuzipata

*Siku Njema* ni rahisi kuipata Kenya, na *Vuta N'kuvute* ni rahisi Tanzania, kwa kuwa wachapishaji wake, Mkuki na Nyota, wako Dar es Salaam na riwaya yenyewe imekuwa ikisomwa kidato cha tano na cha sita. *Rosa Mistika* imechapwa mara kadhaa. Hizi mbili zilizobaki zinahitaji miguu. East African Literature Bureau, iliyozichapisha, ilikufa pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani mwaka 1977, na vitabu vya enzi ile mara nyingi utavikuta kwa wauza vitabu vya mtumba, jalada limelegea, jina la mtu limeandikwa kwa wino wa buluu ukurasa wa kwanza. Jaribu pia maktaba. Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam ni mahali pa kuanzia. Muulize muuzaji kwa jina la mhusika, si la kitabu. "Una Willy Gamba?" hueleweka haraka zaidi.

Kama kitabu kinapita kwenye simu kama picha za kurasa zilizopigwa kimagendo, mwandishi au warithi wake hawapati kitu. Zaidi ya hapo, kwa mtu ambaye simu ndiyo iliyomkinaisha, kusoma kwenye simu ni kurudi kwa mshtakiwa.

Chukua ipi, kwa hali yako

Kama ni shule iliyokuharibia, epuka kwa sasa chochote ulichowahi kukifanyia mtihani, hata kama watu wanakiabudu. Mtanzania aliyesoma *Vuta N'kuvute* kidato cha sita aanze na *Siku Njema*. Mkenya aliyesoma *Siku Njema* darasani aanze na *Vuta N'kuvute*. Kubadilishana huko kunafanya kazi vizuri kuliko unavyotarajia, maana kila mmoja anakisoma kitabu cha mwenzake bila dondoo kichwani. Usishike kalamu.

Kama macho yamechoka na kazi, *Kufa na Kupona* au *Mzimu wa Watu wa Kale*, kutegemea kazi yenyewe. Mwenye kazi ya mwili na makelele achukue Bwana Msa, apumzike na mazungumzo. Mwenye kazi ya kufikiri kutwa, mwanasheria kwa mfano, atakuwa amechoka kutafuta ushahidi. Ampe Willy Gamba usukani yeye akae nyuma.

Waliokinaishwa na vitabu vya mafanikio nawapa *Vuta N'kuvute* bila kusita sana. Hakuna anayemfundisha mtu chochote mle. Watu wanafanya maamuzi mabaya kwa sababu nzuri na mazuri kwa sababu mbaya, na hakuna orodha mwishoni mwa sura.

Wa simu wanahitaji ufupi na kasi. *Kufa na Kupona* kwanza, au *Rosa Mistika* kama moyo unaruhusu. Simu iache chumba kingine, soma sura mbili, na usijipime kwa kurasa. Ukishamaliza moja, ndipo ujaribu ndefu.

Wenye mioyo mizito, nakushaurini *Mzimu wa Watu wa Kale*. Kifo kipo, lakini ni cha mtu ambaye hukupata kumpenda, na ndani yake kuna kicheko. *Siku Njema* inaweza kufuata, mradi msiba wako si wa mama. Kama ni wa mama, ngoja.

Waliopoteza hisia, wanaosema vitabu vyote vinafanana, wachague kati ya Rosa na Yasmin. Rosa atakuumiza. Yasmin atakuchukua muda mrefu zaidi na kukuumiza kidogo, kisha atakuchekesha.

Anayesoma na mwenzi wake au kikundi cha marafiki ana chaguo jingine: *Rosa Mistika* huzua mabishano ambayo hayaishi, hasa kwenye swali la nani wa kulaumiwa, Zakaria, shule, wanaume au Rosa mwenyewe. Andaeni chai ya kutosha. *Vuta N'kuvute* nayo huzua ubishi, ila wa namna nyingine: kila mtu ana lake juu ya Denge, na kina mama kwa kawaida hawamsamehi haraka.

Na kuna kundi ambalo sikulitaja mwanzoni, la waliokulia Muscat, London au Toronto katika nyumba za Kizanzibari, wanaoongea Kiswahili vizuri lakini kukisoma wanachoka baada ya kurasa mbili. Uchovu wao ni wa macho kutozoea. Masikio yanajua kila kitu. Hao waanze na Bwana Msa na wasome kwa sauti, ikiwezekana bibi akiwa sebuleni. Mazungumzo yale yameandikwa jinsi yanavyotamkwa, na neno likikwama, bibi atalimalizia kabla hujainua kichwa, kisha atakwambia nani mtaani kwao alikuwa akiongea vile, na kitabu kitabidi kisubiri.